Jeli ya ekografi si dawa
Mama mmoja ameniuliza kama jeli yenye tunapakaa kwa tumbo wakati wa ekografi (ile mashine ya kuona mtoto ndani ya tumbo) inakinga mtoto na mionzi. Hapana mama, ile jeli haikingi mtoto na mionzi, sababu ekografi haina mionzi hata kidogo, inatumia sauti tu, sauti ya juu sana yenye masikio yetu hayawezi kusikia, kwa tumbo la mimba ni kama megahezi 2 mpaka 5. Jeli ni ya kufukuza hewa katikati ya sonda (kile kifaa tunapitisha kwa tumbo) na ngozi, hewa ikibakia pale karibu sauti yote inarudi nyuma na kwenye ekrani hauone kitu. Mimi niko nashikaka sonda kila siku hapa Goma, siku jeli inaisha ndiyo unaelewa. Yenye mionzi ni radio (picha ya eksirei) na skana (CT). Ila ekografi ya Doppler, ile ya kuangalia damu namna inatembea, tusiikawishe sana kwa mimba changa, inapashaka joto kidogo.