Atomi zimejipanga, zimepangwa au zimepangana?

Swali: Nafundisha fizikia sekondari. Nikiwaeleza wanafunzi jaribio lililofanyika Garching, Ujerumani, na kutangazwa mwaka 2020, niliandika: "Atomi zilizojipanga zinaakisiana mwanga." Mwenzangu amekata "zilizojipanga" akaandika "zilizopangwa". Je, yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu, mwenzako kapatia, ila kalamu yake imeruka kosa kubwa zaidi.

Kiambishi -ji- humrudishia mtendaji kitendo chake. Chumvi ikiganda maji yanapokauka, atomi zake hujipanga, sina ubishi. Zile za Garching, za metali iitwayo rubidi, hazikujipanga. Watafiti wa Taasisi ya Max Planck walizipoza mno, wakazinasa kwa miale ya leza, kila moja mahali pake, nanomita 532 kutoka kwa jirani yake (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Mpangaji yupo, basi zilipangwa. "Zilizopangana" nayo ni Kiswahili safi, kama vitabu vilivyopangana rafuni, lakini inaeleza hali tu na kumficha aliyepanga. Kwenye kichwa cha habari ningeikubali.

Sasa "zinaakisiana". Kiambishi -ana huonyesha kutendeana: watu wakitazamana, huyu anamwona yule na yule anamwona huyu. Kwa hiyo sentensi yako inasema kila atomi ni kioo cha mwenziwe, na sivyo. Atomi moja ukiimulika hutawanya mwanga huku na huku. Zikipangwa kwa nafasi ndogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga wenyewe, ambao hapa ni nanomita 780, mawimbi yanayotoka kwenye atomi hizo hufutana pande nyingine na kuimarishana kuelekea mwanga ulikotoka. Ndipo tabaka lenye unene wa atomi moja linapokuwa kioo. Angalia -ana ilikohamia: yanayofutana ni mawimbi. Atomi nazo huathiriana, kwa kuwa kila moja inapokea mwanga wa jirani zake. Kuakisi ni kazi ya tabaka zima.

Ningeandika: "Atomi zilizopangwa huathiriana, na kwa pamoja huakisi mwanga." Hiyo "kwa pamoja" usiikate hata ukibanwa na nafasi, maana bila yake msomaji atadhani kila atomi inaakisi kivyake.

Wapo wanaopenda "zinashirikiana". Mimi naikwepa, inanipa picha ya atomi zilizokaa kikao, ingawa sitamkosoa mwanafunzi aliyeitumia. Na "mwanga" wako uache hapo hapo. Usije ukabadilisha ukaweka "nuru" kwa kutafuta utamu.