Sahihi za majirani peke yake hazizuii nyumba

Dada, umeuliza kama sahihi za majirani hapo Sakina, Arusha, zinatosha kuzuia nyumba ya vijana wenye ulemavu wa akili. Peke yake, hapana.

Kinachowapa majirani nguvu ni matumizi ya kiwanja. Hati ikisema makazi, na nyumba yenu ikahesabiwa kuwa taasisi, mtahitaji kibali cha kubadili matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Hapo ndipo pingamizi linapopata mlango. Kwa hiyo beba nakala ya hati, nenda kwa afisa mipango miji wa jiji kabla hujabishana na mtu yeyote pale mtaani.

Niliwahi kuiona karatasi ya namna hiyo kule Moshi: jina, sahihi, sababu. Wengi waliandika neno moja, "vichaa". Mama mmoja tu aliandika kwamba shimo la choo likijaa litafurikia kwake. Huyo mjibuni, tena kwa maandishi, maana hoja yake ni ya mipango kweli. Wale wengine Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 haiko upande wao, inakataza ubaguzi.

Marekani walishafika huko. Mji wa Cleburne, Texas, ulidai kibali maalumu kwa nyumba kama yenu, ukakataa kukitoa. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya nchi ikasema hofu ya majirani si sababu. Hosteli za kawaida hazikudaiwa kibali hicho, unaona mambo hayo?