Mitamba ya kuanzia kundi la nyama: nenda zizini kwa mwenyewe, mnada uache

Mdogo wangu wa Witu umeuliza ukinunua mitamba, majike wachanga ambao hawajazaa, ya kuanzia ng'ombe wa nyama uangalie nini, na wengi wamekujibu mwili mkubwa. Mi nafuga huku nyuma ya Malindi upande wa Marafa na nakwambia mwili uweke mwisho. Kwenye nyama pesa yako ni ndama. Jike mdogo anayekupa ndama kila mwaka atakulipa, yule mkubwa anayezaa mwaka huu alafu mwakani anapumzika anamaliza malisho tu.

Mnadani kabla hujatoa hela jiulize huyu jike kaletwa kwa nini. Mfugaji anayejua kazi, awe Muorma au Mgiriama, anapeleka sokoni madume, na majike anayopeleka mara nyingi ni yale yasiyoshika mimba ama yanayotupa. Wapo wanaouza jike mzuri kwa shida, karo ama hospitali, lakini pale kwenye vumbi utawajuaje? Bora uende boma kwa mwenyewe asubuhi mapema kabla ng'ombe hawajafunguliwa, umwombe mzee akuonyeshe mama yake huyo mtamba. Mama kama ameshazaa wanne watano na bado yuko imara, binti yake chukua.

Kama unanunua jike aliyekwisha zaa anza na ndama wake. Manyoya yanang'aa, mbavu zimefunikwa, basi mama ana maziwa. Alafu chuchumaa uangalie kiwele ndama akitoka kunyonya: chuchu zote nne ziwe zimelowa, ikibaki moja kavu ujue hiyo imekufa. Na ziwe za wastani, manake zikiwa nene sana ndama wa siku ya kwanza mdomo haushiki, na asipopata dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ndani ya yale masaa machache ya mwanzo huyo umempoteza, hata akipona atadumaa. Hapa usione haya, kaa chini uangalie mpaka uridhike. Mwambie mchungaji amtembeze pia, kwato ya nyuma ikanyage karibu na ilipotoka ya mbele, kiangazi huku maji ni mbali. Mdomoni meno mapana mawili ni kama miaka miwili na kitu, yakitimia nane ana minne mitano, yakiwa yamelika na kulegea achana naye kwa bei yoyote.

Mimba ni miezi tisa na wiki moja hivi, kwa hivyo jike wa kuzaa kila mwaka lazima ashike tena ndani ya siku 80 baada ya kuzaa. Lipa daktari wa mifugo atie mkono apime. Ndama ana miezi sita na mama tumboni hana kitu, mwache, labda kama mmetoka kwenye ukame mkali. Na mtamba aliyezaliwa pacha na dume usimguse, zaidi ya tisa kwa kumi hawazai.

Mbegu sasa. Witu kuna mbung'o, wale inzi wanaoleta ugonjwa wa ndorobo. Kule Galana ranchi miaka ya 1980 watafiti walichunga ng'ombe aina ya Boran wa Waorma pamoja na Boran wa ranchi, na wale wa Waorma walishikwa na ndorobo kidogo na wakishikwa walivumilia zaidi. Sindano ya ndorobo bado utachoma, lakini mi ningekuwa wewe majike yote ningenunua kwa Waorma, dume wa ranchi mwenye mwili aje baadaye.

Wakati mzuri wa kuchagua ni Februari na Machi mwisho wa kaskazi, nyasi zimekwisha. Baada ya mvua kila ng'ombe anapendeza. Tena uliza nani alizaa na kulea ile misimu mitano mvua ilipokosa, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Majike waliopita pale ndo mbegu yenyewe, damu yao itafute hata kwa bei ya juu.

Ugonjwa wa brusela pima damu kabla ya kulipa, unatupisha mimba na wewe unaupata kwenye maziwa mabichi. Chukua kibali cha kusafirisha, na wakifika waogeshe dawa ya kupe siku hiyohiyo, uwatenge wiki tatu hivi kabla hawajachanganyika na wa jirani.