Kabla Hujang'oa Mlango wa Mpangaji

Jana kijana mmoja wa ofisi yetu ya kusimamia nyumba za kupanga alinitumia picha, amechangamka kweli: mlango wa chumba cha mpangaji umeng'olewa, umeegemezwa ukutani, bawaba bado zina skrubu. "Bosi, leo atahama mwenyewe." Nikampigia hapo hapo aurudishe kabla ya magharibi. Wadogo zangu, hii ni mara ya tatu mwaka huu. Nawapenda, lakini mmenichosha.

1. Jueni kwanza nyumba mliyoshika ni ya sheria ipi. Chumba cha kuishi ambacho kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi kiko chini ya Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, ile inayodhibiti kodi za nyumba za kuishi. Duka au hoteli isiyo na mkataba wa maandishi, au yenye mkataba usiozidi miaka 5, au ulio na kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka 5 pasipo kosa, ni Sura ya 301, ile ya wapangaji wa maduka na hoteli. Kwingineko mnarudi kwenye mkataba na sheria za ardhi. Kote huko hamtakuta ruhusa ya kumfungia mpangaji kwa kufuli.

2. Kufuli lenyewe sasa. Mwaka wangu wa pili kazini nilisimamia maduka sita Likoni. Mama mmoja aliyeuza samaki alikuwa na malimbikizo ya miezi mitatu, na mwenye nyumba ananipigia kila asubuhi. Ijumaa jioni, mama keshafunga, nikaenda nikaweka kufuli langu juu ya lake, nikazima umeme kwenye swichi kuu ili ajue sina mchezo. Friza sikuiwaza kabisa. Jumatatu nikakuta maji mekundu yametiririka chini ya mlango hadi barazani, nzi wametanda, na mama ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakupiga kelele. Alinifungulia daftari lake: changu, kolekole, nguru, kila kilo na bei aliyonunulia. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa ningekulipa na nini?" Nilisimama pale na funguo mkononi, nikakosa la kumjibu.

Alikwenda kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara, nasi tukaamriwa kufungua. Samaki walipopigiwa hesabu, waliimeza kodi yote aliyokuwa akidaiwa, na mwenye nyumba akaongeza pesa juu. Kinachoniuma ni kwamba haki tulikuwa nayo: kutolipa kodi miezi miwili baada ya tarehe yake ni sababu halali ya kumtoa mpangaji wa duka. Niliitupa kwa sababu sikutaka kungoja, na mama wa watu akapoteza mtaji wake wote.

3. Notisi ya kumtoa mpangaji wa Sura ya 301 huandikwa kwenye Fomu A, fomu maalumu ya sheria hiyo, sio barua ya ofisi. Itaje sababu, na impe mpangaji miezi miwili kamili tangu aipokee. Ana mwezi mmoja wa kujibu. Akifika kwenye jopo kabla notisi haijakomaa, notisi inalala mpaka uamuzi utoke. Mngoje.

4. Mwenye nyumba akiwaambia analitaka duka alitumie mwenyewe, mhojini vizuri. Sheria inataka awe na nia ya kulikalia kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Mzee mmoja aliniapia kwamba mwanawe anafungua duka la dawa. Nilipouliza majirani, mwana yuko kidato cha pili. Ningeipeleka notisi ile, wakili wa mpangaji angemaliza kesi kwa swali moja.

5. Dalali mwenye leseni anakamata mali kufidia kodi. Hapo amekusanya deni tu, nyumba bado ni ya mpangaji.

6. Notisi ikabidhiwe, nakala isainiwe na tarehe iwekwe.

Mlango ulirudishwa saa kumi na mbili unusu, skrubu mbili hazionekani. Nimemwambia kijana azinunue kwa pesa yake, amwombe radhi mpangaji mbele ya majirani walewale walioona akiung'oa, na Jumatatu aje na mkataba mezani kwangu tuandike notisi pamoja.