Kwikwi ya siku tano

Juma lililopita msomaji mmoja wa Nachingwea aliniuliza kama kwikwi inaweza kumshika mtu mzima siku tatu mfululizo. Inaweza. Msimu wa korosho uliopita ilinishika siku tano hapa Masasi, tena wiki ile ya mnada, nilipotakiwa kuwasomea wakulima wenzangu hesabu za chama chetu cha msingi, na kila nilipotaja kilo sauti ilikatika na waliokaa nyuma wakacheka.

Shangazi alisema kuna mtu ananitaja. Mke wangu alinibandika uzi wa kanga uliolowa mate kwenye paji la uso, kama mtoto mchanga. Nilibana pumzi, nikanywa maji baridi, nikameza kijiko cha sukari. Njia hizo tatu huenda zikafaa kwa kwikwi ya kawaida, lakini yangu ilitulia dakika chache ikarudi. Siku ya pili nilikwenda zahanati, na aliyenipokea akaniambia nipunguze uraka, yaani pombe ya mabibo. Mimi sinywi uraka.

Siku ya tano daktari wa hospitali alinieleza kwamba kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hujikaza ghafla na njia ya sauti ikajifunga papo hapo, ndipo mlio hutoka. Ikipita saa 48 si kwikwi ya kawaida tena: huenda chanzo ni asidi inayopanda kutoka tumboni, figo zilizoshindwa kazi, kisukari, nimonia, kiharusi, au hata dawa kama deksamethazoni. Damu yangu ilionekana salama. Tatizo lilikuwa asidi, nami nikapewa omeprazoli ya kupunguza asidi, pamoja na klopromazini ya kutuliza kwikwi kwa siku tatu. Jirani aliyeiona dawa hiyo ya pili alieneza habari kwamba nimepata wazimu, kwa sababu hupewa pia wagonjwa wa akili, na hilo sijamsamehe. Dawa yenyewe huleta usingizi na kushusha presha, kwa hiyo msijinunulie dukani.

Ndugu zangu, acheni kuona haya na acheni kungoja. Mmarekani Charles Osborne alikuwa na kwikwi tangu mwaka 1922 hadi 1990, basi anayekuambia itakwisha yenyewe hajui asemalo.

Nawe uliyeniandikia, ukihisi ganzi upande mmoja, ulimi mzito au kizunguzungu cha ghafla, nenda usiku huu huu. Kama huna hayo, nenda asubuhi, na neno la kwanza utakalomwambia daktari liwe idadi ya siku.