Mota yakimbia kasi moja tu

SWALI: Hujambo fundi. Mimi ni msomaji wako wa Ahero. Kwenye kinu chetu cha mpunga tumefunga draivu, yaani kifaa cha kubadili kasi ya mota, ya kuendesha mkanda unaolisha mashine. Kidhibiti kinatoa ishara ya miliampea 4 hadi 20, lakini nikiwasha tu, mota inaruka hadi hezi 50, kasi yake yote, na haishuki hata nikipunguza. Fundi aliyekuja amesema draivu imekufa, tununue nyingine. Je, ni kweli?

JIBU: Usinunue kitu bado, ndugu yangu. Inaniuma kuona wenye vinu wakitupa draivu nzima kwa sababu ya swichi ndogo kuliko punje ya mchele.

Nashuku terminali ya ishara imeachwa kwenye volti 0 hadi 10. Ikiwa hivyo, ukinzani wake ni mkubwa mno. Kidhibiti kikijaribu kusukuma hata miliampea 4 humo, volti zinapanda karibu na 24 za pawa saplai yake. Draivu ikiona zaidi ya 10 inadhani umeomba kasi yote.

Zima umeme, usubiri dakika 10 kabla ya kufungua kifuniko. Tafadhali usilipuuze hili: kwa umeme wa volti 415, kapasita za ndani, vile vipande vinavyohifadhi umeme, hushika takriban volti 580, na hazishuki papo hapo. Kisha tafuta swichi au jampa (kipini cha kuunganisha) karibu na terminali ya AI, ile inayopokea ishara, uitoe V (volti) uipeleke I (mkondo). Kwenye parameta, yaani mipangilio ya draivu, chagua 4–20. Ukituma miliampea 12, usome hezi 25.

Kama draivu yako haina upande wa I, funga rezista ya omu 500 kati ya AI na COM, terminali ya pamoja ya ishara. Miliampea 20 zitakuwa volti 10, na 4 zitakuwa volti 2. Basi kwenye parameta, volti 2 ndiyo iwe hezi sufuri. Ikigoma bado, huenda AI imeungua kwa zile volti 24. Draivu nyingi zina AI ya pili, ijaribu.

Waya wa ishara uwe wa kebo yenye wavu wa kukinga, mbali na kebo ya mota, na wavu ufungwe ardhini upande wa draivu pekee.

Tena, kwenye vinu panya hawakosi. Wakikata waya, mkondo unashuka chini ya 4, kwa hiyo iambie draivu isimamishe mota hapo hapo.