Kalamu au bomba? Haya, wenzangu wa sindano za sukari njooni hapa

Juzi dada mmoja wa Muheza kaniandikia inbox, anasema kliniki wamemwambia anaweza kuacha bomba na kichupa ahamie kalamu ya insulini, kile kifaa cha kuchomea chenye umbo la kalamu, ila mumewe anamuuliza si dawa ile ile tu, hela za nini? Nikasema hili nalijibia hapa hapa maana si yeye peke yake.

Kwanza mumewe hajakosea sana. Mimi nilikuwa natumia ile ya mchanganyiko 30/70, yaani insulini ya haraka 30 na ya polepole 70, kichupa cha mililita 10 chenye uniti 1000, na nilipohamia kalamu nikapewa 30/70 hiyo hiyo kwenye katriji, kile kichupa chembamba kinachoingia ndani ya kalamu, ya mililita 3, uniti 300. Kama unavuta dozi sawasawa na sukari yako imetulia, anayekwambia kalamu inatibu zaidi anakupiga kamba.

Kilichonihamisha mimi ni harusi. Tulikuwa Makorora, hapa Tanga mjini, na hii dawa yetu unachoma kama nusu saa kabla ya kula, sasa wenzangu mnajua pilau la harusini halina saa. Nikamuuliza mpishi, akaniapia wanapakua sasa hivi, basi nikaenda uani nyuma ya masufuria, nikakiviringisha kichupa viganjani mpaka dawa ikawa nyeupe yote kama maziwa, nikavuta, nikapandisha dera, ndio bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akatokea. "Yarabi! Mpaka wanawake wanajidunga siku hizi!" Mji wetu umeumizwa sana na madawa ya kulevya, mtu akiona bomba hawazi hospitali. Nikamweleza, akasema aah pole mwanangu, lakini habari ilishafika ukumbini kabla yangu. Mpaka leo kuna shangazi tukisalimiana anakagua mikono yangu, na mimi nachoma tumboni! Iliniuma, na bado inaniuma, sifichi. Nikawa sitoki jioni, harusi sitaki, misiba naenda asubuhi narudi, na penye watu dozi ya jioni naichelewesha.

Sasa hivi nakaa mkekani na wenzangu, nageuza geuza kalamu dawa ichanganyike, natoa uniti mbili hewani kuona kama inapita, nazungusha namba yangu inalia tik tik, nachoma, nahesabu mpaka kumi ndio nachomoa. Mara ya kwanza jirani yangu alidhani naandika mchango. Na kipimo kile cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, kilikuwa kinagusa 9, mara ya mwisho kimesoma chini ya 7.5, daktari mwenyewe alirudia kuangalia karatasi! Dawa ni ile ile, ila dozi ya jioni sasa haingoji watu wasinione.

Kwa hiyo ukihama, sindano ya milimita 4 inatosha hata kama una mwili kama mimi, usitishwe na mtu. Badilisha sehemu ya kuchoma, ukichoma pale pale kila siku panaota kinundu na dawa inaingia ovyo, leo sukari juu kesho umeshuka unatetemeka. Sindano itoe ukimaliza, usiiache imening'inia kwenye kalamu. Ambayo hujafungua iweke kwenye friji, isigande, ikiganda tupa. Unayotumia friji si lazima ila joto letu hili la Tanga msichezee, usiache kwenye gari wala kwenye kikapu cha baiskeli juani, nyumba isiyo na friji chungu cha udongo chenye maji kinasaidia kweli. Na tembea na glukosi au soda ya sukari. Na badilisha sehemu ya kuchoma, nimeshasema lakini narudia maana hamsikii.

Wale mnaoulizia pampu, jamani, ile inatia insulini ya haraka kidogo kidogo siku nzima, mpira ukiziba huna akiba mwilini, baada ya saa chache tu ketoni, ile asidi ya hatari kwenye damu, zinaanza kupanda. Inataka vifaa kila siku chache na mtu wa kumpigia simu usiku. Kama unavyo vyote, hongera.

Tusione haya jamani, haya haishushi sukari, kaka zangu mnaochomea chooni nawasema na nyie.

Dada wa Muheza, mwambie shemeji hela ni za sindano na katriji, na kabla hamjanunua angalia jina la insulini yako kwanza, kalamu ya kampuni hii haipokei katriji ya kampuni ile.